Mama mzazi mwenye kulia hakulogwa

Mtoto amezaliwa muzima, watu wamekuja kushangilia. Kiisha wiki tatu mama halali, hakuli, mtoto analia naye anamuangalia tu. Jirani wanakata hukumu: "Banamuloga." Wengine: "Ni muvivu, anajifanya tu." Sisi tunakataa hukumu hizo, tena tunazikataa kwa jina la mila yetu.

Wakati wa mimba, homoni mbili, estrojeni na projesteroni, zinapanda sana mwilini. Kondo la nyuma likitoka, zinaanguka kwa siku chache tu. Wamama wengi wanalia-lia siku ya tatu ao ya ine, na mbele ya wiki mbili inapita. Kwa wengine haipiti. Huo ni ugonjwa. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linahesabu kwamba katika inchi zenye kipato kidogo, karibu wamama 20 kwa 100 wanapata ugonjwa wa akili kiisha kuzaa, zaidi sana huzuni hii.

Mtu atauliza: kama homoni zinaanguka kwa wote, mbona hawagonjwi wote? Katika mwaka 2000, wanganga wa Marekani walitoa jibu. Walipatia homoni hizo wanawake 16 wasio na mimba, kiisha wakazikata. Kati ya 8 waliowahi kugonjwa huzuni ya uzazi, 5 walipata tena dalili zake. Kati ya 8 wengine, hakuna hata mmoja. Basi anguko ni moja, lakini kuna wale ambao ubongo wao hauvumilii anguko hilo. Mchawi anaingia wapi hapo?

Wazee wetu hawakujua homoni, lakini walijua kwamba mzazi haachwi pekee. Mama yake anakuja, dada anachota maji, anakandwa na maji ya moto, analala. Kukosa usingizi na msaada kunazidisha ugonjwa huu; kwa hiyo mila ile ilikuwa na akili. Leo tunaitupa, mzazi anarudia sokoni mbio, kisha tunamtafutia mufumu!

Wababa, mubebe mtoto usiku, mama alale. Wamama wakwe, muache matusi. Wiki mbili zikipita bila nafuu, apelekwe kwenye kituo cha afya. Na kama anasema habari ya kujiua, ya kuua mtoto, ao anasikia sauti, musingoje kesho.