Granaiti au kwatsi? Ongeeni kwanza kabla hamjamlipa fundi

Nyumba ikishapauliwa, madirisha yakaingia na umeme ukawaka, wengi hudhani vita imekwisha. Thubutu! Kuna kitu kimoja nimekiona kikiwagombanisha wapenzi kuliko rangi ya ukuta na kuliko vigae vya bafuni: kaunta ya jikoni. Bibie anataka kwatsi nyeupe pee kama aliyoiona Instagram. Bwana anataka granaiti nyeusi, "jiwe la ukweli", kama aliyoikuta kwa bosi wake. Basi hapo kila mtu analala amegeukia ukuta.

Mwezi huu nimeamua kuliweka suala hili mezani, wapenzi wasomaji, kwa sababu linagusa mkwanja wenu na pia linafichua mambo mengi ambayo hamjawahi kuyaongea. Pazia likikuchosha unalishusha. Jiwe likishafungwa ndiyo limefungwa, na huenda mkaishi nalo mpaka watoto wahame nyumbani.

Tujuane na mawe yenyewe

Granaiti ni mwamba wa asili, uji wa moto uliopoa taratibu sana chini ya ardhi mpaka madini ya kwatsi, felspa na mika yakashikana. Kama umefika Mwanza ukayaona yale majabali ya ziwani, likiwemo la Bismarck, basi umewaona ndugu zake. Hakuna mabapa mawili yanayofanana kabisa. Na si kila kinachouzwa kwa jina la granaiti ni granaiti. Lile jiwe jeusi tii linalochimbwa Mutoko, Zimbabwe, wanajiolojia huliita gabro au dolerite. Kwa mpishi halina neno, ni gumu na linafaa.

Kwatsi ya kaunta, kwa upande wake, imetoka kiwandani. Madini ya kwatsi husagwa, huchanganywa na gundi ya plastiki na rangi, kisha hushindiliwa kwa mashine. Kwa kawaida kwatsi yenyewe ni asilimia 90 hivi ya uzito. Teknolojia hiyo ilitoka kwa kampuni ya Breton ya Italia. Caesarstone ya Israel ilianza mwaka 1987, na Silestone ya Hispania ikaingia sokoni mwaka 1990. Kwa hiyo anayekwambia kwatsi ni plastiki tupu anakosea, na muuzaji anayekwambia ni jiwe la asili kabisa anakuuzia maneno.

Siri yote iko kwenye ile gundi. Ndiyo inayoziba vinyweleo vya jiwe, ndiyo inayoleta zile rangi safi zisizo na madoadoa. Lakini gundi hiyohiyo haipendani na moto wala jua.

Jiko lako linapika nini?

Tuwe wakweli. Jiko la kwenye picha lina kikombe kimoja cha kahawa na ua. Jiko la kwetu lina sufuria ya maharage, karai la maandazi na chuma cha chapati kinachotafuta pa kutua.

Mafuta ya kukaangia hufika nyuzijoto 180 hivi. Gundi ya kwatsi inaweza kuanza kuharibika kwenye nyuzijoto 150. Chuma cha chapati kikitua juu yake moja kwa moja, unaweza kupata alama ya njano au ufa, na alama hiyo haitoki kwa kusugua. Granaiti inavumilia joto zaidi sana, ingawa nayo naishauri iwekewe ubao wa kutulizia sufuria.

Jua nalo ni vilevile. Kwatsi nyeupe ikipigwa na jua siku hadi siku hubadilika rangi. Kama mna jiko la nje, au kaunta ya barazani, au dirisha kubwa linalotazama magharibi, hapo msibishane: wekeni granaiti.

Kwenye madoa ndipo kwatsi inapojidai. Granaiti, hasa ya rangi nyepesi, ina vinyweleo. Isipopakwa dawa ya kuziba, mafuta na binzari vitaingia ndani. Kipimo chake ni rahisi: mwaga maji kidogo juu ya jiwe, subiri dakika 10 hadi 15. Likibadilika na kuwa jeusi zaidi, linakunywa maji na linahitaji dawa. Kwatsi haihitaji dawa hiyo, lakini usiamini kwamba haishiki doa kabisa. Binzari ikilala usiku kucha kwenye kwatsi nyeupe inaweza kuacha kivuli. Na dawa kali za kutolea madoa huila ile gundi.

Kukata nyama juu ya kaunta? Yote mawili ni magumu kuliko kisu cha kawaida. Mtajikuta mna jiwe zuri na visu butu. Tumieni kibao.

Nani atalitunza?

Hapa sasa ndipo mapenzi yanapoingia. Rafiki zangu wawili wanaojenga Goba walinuniana wiki nzima kwa ajili ya jiwe. Mume alitaka granaiti, akasema, "Dawa tutakuwa tunapaka kila mwaka, shida iko wapi?" Mke akaniambia pembeni, "Dada, mimi hapo kwenye 'tutapaka' nimesikia 'utapaka'." Unaona? Ugomvi haukuwa wa jiwe. Ulikuwa wa kazi za nyumba, ambazo tangu wafunge ndoa hawakuwahi kukaa wakazigawana.

Na kuna mtu wa tatu ambaye hakuulizwa kabisa: dada wa kazi. Yeye ndiye anayesimama pale kutwa, ndiye anayejua sufuria ya moto inatua upande gani, na ndiye atakayelaumiwa alama ikitokea. Mwulizeni. Atawaambia mengi kuliko duka lolote.

Kwa hiyo kabla ya kutaja rangi, jibuni haya pamoja: Nani anapika, na mara ngapi kwa wiki? Vya moto vinawekwa wapi? Dawa ya kuziba atapaka nani, kwa jina? Na nyumba hii tutakaa wenyewe, au tutapangisha kwa watu ambao hatutawaona wakipika?

Gharama isiyoandikwa kwenye risiti

Kuna jambo moja wauzaji hawapendi kulitaja, nami sitalipita kimya. Jiwe likikatwa kavu hutoa vumbi laini la silika. Kwatsi za kawaida zina zaidi ya asilimia 90 ya silika, wakati granaiti mara nyingi haifiki nusu. Vumbi hilo likivutwa siku hadi siku huleta silikosisi, ugonjwa unaokakamaza mapafu na usio na tiba ya kuyarudisha yalivyokuwa. Australia, baada ya vijana wengi wanaokata mawe haya kuugua, ilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kufunga kaunta za kwatsi ya kiwandani kuanzia Julai 1, 2024.

Msiogope kaunta iliyokwisha kufungwa. Ikitulia hapo haitoi vumbi. Anayeumia ni yule kijana wa karakana aliyejifunga kitambaa puani. Naye ana mchumba anayemsubiri nyumbani, kama wewe.

Mteja una nguvu hapa. Muulize fundi: mnakata kwa mashine inayomwagia maji? Vijana wako wana barakoa maalumu za vumbi? Mpelekee sinki mapema ili tundu lake likatwe karakanani, si sebuleni kwako. Akisema kukata kwa maji kunaongeza bei, lipa. Kama haiwezekani kabisa, tafuta fundi mwingine. Na hata ukichagua granaiti, maswali ni hayohayo, kwa sababu nayo ikikatwa kavu inaumiza.

Kabla ya kutoa hela

Nendeni mkaone bapa lenyewe, msiridhike na sampuli ya ukubwa wa simu. Kwa granaiti, ombeni kipande, mkikamulie ndimu na kukiacha kidogo. Mng'ao ukififia, huenda jiwe hilo lina chokaa kama marumaru, achaneni nalo.

Ulizeni unene. Granaiti ya milimita 20 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita moja ya mraba, na ya milimita 30 hupita kilo 80. Kabati dhaifu halibebi mzigo huo. Ulizeni kiungo kitakaa wapi, maana kikiwa karibu na sinki ni sehemu dhaifu. Na bei iandikwe yote: jiwe, kukata, kingo, tundu la sinki, usafiri na kufunga.

Mimi nimesimama wapi? Kwa jiko linalopika kweli, lenye karai na chapati za Jumapili, naelemea granaiti ya rangi nzito. Kwa wawili waliopanga ghorofani, wanaopasha chakula usiku na kwenda zao, kwatsi inafaa, ilimradi ikatwe kwa maji. Na kama kaunta itawalazimu mkope, wekeni vigae vizuri kwanza. Hakuna wali ulioungua kwa sababu ya vigae.

Jumamosi mkienda kutazama mawe, bebeni ndimu mbili, chupa ya maji na tepu ya kupimia. Na mwende wote wawili, tafadhali. Tukutane mwezi ujao.