Mitala, siri na ridhaa: kipimo tunachokihitaji Rufiji

Mwanamume wa Ruaruke akioa mke wa pili, havunji sheria wala mila. Shehe anafungisha ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua, na kitongoji kizima kinajua zamu inavyokwenda kati ya nyumba mbili. Katika kata hii ya wilaya ya Kibiti, kama kwingine kwenye delta ya Rufiji ambako wakazi wengi ni Waislamu, mitala ni sehemu ya maisha yanayofahamika. Nchi nzima pia haiko mbali na hali hiyo: uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2010 ulikuta kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya watano walioolewa alikuwa na mke mwenza. Kwa hiyo tunapowasikia wanasaikolojia wa Marekani na Ulaya wakijadili iwapo mtu aliye na wapenzi zaidi ya mmoja anaweza kuwa na afya njema ya akili, hatuna sababu ya kulitazama swali lao kama jambo la ugenini. Linatuhusu, ila linatuhusu kwa namna tofauti na wanavyodhani wao, na tofauti na wanavyodhani wengi wetu.

Wanachosema wanasaikolojia hao kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mwaka 2013 Terri Conley na wenzake walipitia faida zinazodaiwa kutokana na kuwa na mpenzi mmoja tu, wakaona kwamba nyingi zinaaminiwa kuliko zinavyothibitishwa. Miaka miwili baadaye Rubel na Bogaert walikusanya tafiti zilizokuwepo na kukuta kwamba watu walio kwenye mahusiano ya wazi ya zaidi ya wawili hawatofautiani sana na wengine katika utulivu wa nafsi wala katika kuridhika na uhusiano wao. Utafiti mwingine wa 2017 uliwahoji Wamarekani wasio na ndoa, na mmoja kati ya watano alisema amewahi kuishi katika uhusiano wa namna hiyo; kiwango kilikuwa cha juu zaidi kwa wanaovutiwa na jinsia yao au na jinsia zote mbili. Msomaji wa haraka ataondoka na hitimisho kwamba idadi ya wapenzi si kitu. Lakini tafiti hizi zina sharti lililobeba uzito wote: zinawahesabu tu watu ambao kila mhusika anajua na amekubali. Mume mwenye nyumba ndogo ambayo mkewe haijui hayumo. Kilichopimwa, kwa hakika, ni matokeo ya kukubaliana, na hapo ndipo ninapodai kwamba kipimo cha haki kwa mahusiano yetu ya pwani, ya halali na ya siri, ni ridhaa ya anayejua kinachoendelea, kabla hatujagusa hesabu ya watu walio ndani ya ndoa.

Ushahidi mwingine unaonekana kupingana na ule wa Marekani, nao una nguvu. Alean Al-Krenawi amewachunguza kwa miaka mingi wanawake wa jamii za Kiarabu, wakiwemo Wabedui wa Negev, na mara kwa mara amekuta kwamba mke mkubwa katika ndoa ya mitala ana dalili nyingi zaidi za sonona na hujithamini kidogo kuliko mwanamke aliye peke yake kwa mumewe. Sioni ukinzani hapo. Mke mkubwa ndiye mtu ambaye mpango wa ndoa yake umebadilishwa katikati ya safari, mara nyingi bila kauli yake kuhitajika. Yule wa Marekani aliyehojiwa aliingia akiwa amekubaliana na mwenzake, na akichoka anaondoka. Wote wawili wanaishi na zaidi ya mtu mmoja katika uhusiano, ila mmoja aliulizwa na mwingine aliarifiwa.

Hapa kwetu upo utafiti unaotufundisha kuwa waangalifu zaidi. Mwaka 2015 David Lawson na wenzake, wakiwemo watafiti Watanzania Esther Ngadaya na Sayoki Mfinanga, walichapisha matokeo kutoka vijiji 56 vya kaskazini mwa Tanzania. Kwa juu juu, familia za mitala zilionekana kuwa na njaa zaidi na watoto dhaifu zaidi. Walipolinganisha familia za kijiji kimoja, chenye mvua ile ile na zahanati ile ile, madhara hayo yalitoweka, na baadhi ya nyumba za mitala zilikuwa na mali na chakula zaidi. Mitala ilikuwa imeenea katika vijiji maskini, na umaskini wa kijiji ukabebeshwa ndoa. Ni kosa ambalo hata sisi tulio karibu tunalifanya, kila tunapomwona mtoto aliyedumaa na kumwuliza baba yake ana wake wangapi badala ya kuuliza mto ulifurika lini na mpunga ulikwenda wapi. Hata hivyo, utafiti huo ulipima chakula, mali na kimo cha watoto. Haukupima moyo wa mke mkubwa, na shibe ya nyumba haitoi jibu la swali hilo.

Sheria yetu ya Ndoa inaijua ridhaa ninayoizungumzia, lakini inaishia njiani. Kifungu cha 57 kinawapa wake wote wa mume mmoja haki sawa. Kifungu cha 20 kinamruhusu mke aliyepo kupeleka pingamizi kwa msajili, kwa mfano akiona kwamba kipato cha mume hakitoshi na kwamba yeye na watoto wataingia kwenye dhiki. Ni vifungu vizuri. Lakini kibali cha mke si sharti la ndoa mpya, na pingamizi linamfaa tu mwenye habari. Fikiria mazingira ya delta: mvuvi anakwenda dago, kambi ya wavuvi, kufuata kamba, anakaa huko kwa majuma, na mkewe yuko kwenye dungu akilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Ndoa ikifungwa visiwani, habari inaweza kumfikia baada ya walima kuliwa. Haki ya kupinga jambo lililokwisha kufanyika ni haki ya makaratasi.

Wapo watakaosema kwamba ridhaa ni anasa ya wenye mishahara, kwamba mwanamke asiye na shamba atasema ndiyo kwa lolote. Pingamizi hili nalichukua kwa uzito kuliko mengine yote, kwa sababu ni la kweli kwa sehemu kubwa. Jibu lake liko ng'ambo tu ya maji kutoka delta. Katika kijiji cha Kanga, kisiwani Mafia, Pat Caplan alianza utafiti mwaka 1965, na alieleza jamii ambamo wanawake wanamiliki minazi na kulima mashamba yao, ambamo talaka ni za kawaida na mwanamke aliyeachika ana ukoo wa kurudia kwa upande wa mama na wa baba. Mwanamke wa namna hiyo akikubali mwenza, kukubali kwake kuna maana, maana anaweza pia kukataa na akala. Ridhaa basi inajengwa kwa mnazi, kwa ekari ya mpunga na kwa khului, talaka anayoidai mke, isiyomfilisi. Na inajengwa kwa umri: binti wa miaka 15 hana ridhaa ya kutoa, jambo ambalo Mahakama Kuu ililikubali 2016 katika shauri la Rebeca Gyumi la kupinga ndoa za umri huo, na Mahakama ya Rufani ikalithibitisha 2019.

Kipimo hicho hicho, tukikishika kwa uaminifu, kinatupeleka mahali ambapo wengi wetu hatupendi kwenda: kwa watu wanaovutiwa na jinsia yao. Mtafiti Ilan Meyer, katika makala yake ya 2003, alionyesha kwamba sonona na wasiwasi mwingi unaoonekana kwao unatokana na kunyanyapaliwa, kungoja kukataliwa na kujificha siku zote. Shirika la Afya Duniani liliacha kuuita mvuto huo ugonjwa mwaka 1990. Nchini Tanzania, kwa tendo la wanaume wa jinsia moja kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha. Mwaka 2014 timu ya Michael Ross na Joyce Nyoni ilichapisha utafiti wa wanaume wa kundi hili: 30.2% ya waliopimwa Dar es Salaam walikuwa na VVU, na 11.1% Tanga. Baadhi yao walikuwa na wanawake pia. Mwanamume anayeoa ili ukoo usimshuku anamwingiza mkewe katika uhusiano ambao hakuambiwa habari zake, na akiugua, mke anaugua bila kujua ulikotokea ugonjwa. Si kila ndoa ya aina hiyo ni ya hila. Wengine wanajidanganya wenyewe kwanza. Lakini sheria inayodai kulinda ndoa inazalisha ndoa zisizo na ridhaa ya kweli, na anayelipa ni mwanamke ambaye hakutajwa popote katika hati ya mashtaka.

Nitaambiwa kwamba dini imekwisha kuamua. Saikolojia haitoi fatwa, wala sitaki itoe. Lakini Sura An-Nisaa yenyewe imefunga ruhusa ya mitala kwa sharti la uadilifu, na uadilifu hauwezi kudaiwa na mtu ambaye hajawahi kumwuliza mkewe anavyoishi. Nitaambiwa pia kwamba tafiti hizi ni za Wazungu. Ndiyo, na kasoro yake ni hiyo: wengi waliohojiwa ni wasomi waliojitolea wenyewe kuhojiwa, na hakuna anayejua kama mke wa mvuvi angejibu vivyo hivyo. Dawa yake ni kuuliza wenyewe, na Rufiji si mgeni wa kuuliza. Kuanzia 1998 mfumo wa Taasisi ya Afya Ifakara ulifuata kaya moja moja huku Rufiji, ukiandika anayezaliwa, anayekufa na anayehama, na takwimu zilizotoka huku zilisaidia kubadili namna wilaya zinavyogawa fedha za afya.

Maswali matatu yakiongezwa kwenye fomu za mfumo kama huo yangetosha kwa kuanzia: ulijua kabla mume hajaoa? ungeweza kukataa? ukiondoka, utakula nini? Majibu yake yangempa msajili wa Kibiti sababu ya kumwita mke mkubwa na kumsikiliza kabla ya ndoa mpya kuandikwa. Kuhusu wale wanaojificha, hakuna mdodosaji anayeweza kuwauliza mlangoni kwa sasa, kwa kuwa jibu la kweli ni ungamo la jinai. Kifungu cha 154 kitangulie kuondoka, ndipo tuwahoji wao na wake zao.