Pikipiki ikilala sebuleni, mtoto anatambaa kwenye gereji

Saa tatu usiku ni saa ya kusukuma pikipiki ndani. Katika nyumba nyingi za Shanwe, Manispaa ya Mpanda, kama ilivyo kwa familia za bodaboda kwingine nchini, chombo cha riziki hakilali nje. Baba anasogeza kochi, mama anakunja mkeka ambao mtoto ameshinda akitambaa juu yake, ubao unaegeshwa mlangoni na gurudumu la mbele linapanda kizingiti. Alfajiri pikipiki inatoka na mkeka unarudi palepale. Kinachobaki ni duara jeusi la oili, mstari wa tairi na harufu.

"Baba watoto, hili kapeti si tumelinunua juzi tu?" mama huuliza akiwa amepiga magoti na sabuni mkononi.

"Kapeti litanunuliwa jingine. Pikipiki ikiibwa tutakula nini?"

Wote wawili wana hoja. Kumwambia mtu ailaze barabarani pikipiki ambayo bado anailipia marejesho ni kumfanyia mzaha. Swali la kuuliza ni sakafu gani inafaa kubeba tairi usiku na magoti ya mtoto mchana, na itadumu vipi.

Anayeanza na sakafu ya udongo asiangalie kwanza kapeti wala marumaru. Aangalie saruji. Nchini Mexico, mwaka 2000, serikali ya jimbo la Coahuila ilianza mpango ulioitwa Piso Firme, wa kuwawekea watu maskini sakafu ya zege badala ya udongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kuwa nyumba iliyobadilishwa sakafu yote iliona minyoo na vimelea vingine kwa watoto wadogo vikipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Hakuna dawa iliyogawiwa wala chakula kilichoongezwa. Ni sakafu tu. Mama wa Mpanda anayepigana na vumbi la Agosti na funza kwenye vidole vya mtoto hahitaji kuelezwa sana kwa nini.

Saruji nayo ina masharti. Fundi atandaze nailoni nzito chini kabla ya kumwaga zege, la sivyo unyevu wa masika utapanda kutoka ardhini miezi yote ya mvua. Kisha sakafu imwagiliwe maji kwa siku 7 hivi. Wengi huharakisha, wanahamia siku ya tatu, halafu wanashangaa sakafu inatoa unga kila ikifagiliwa. Unga huo huo mtoto anauvuta puani.

Juu ya saruji, wengi hutandika kapeti la mpira, lile la kukatwa kwa mita. Ni rahisi kudeki na linapendeza, lakini halikutengenezwa kwa ajili ya pikipiki. Limetengenezwa kwa plastiki ya PVC iliyochanganywa na vilainishi ili likunjike. Petroli na oili huvivuta vilainishi hivyo, kapeti linakakamaa, kingo zinajikunja, kisha linapasuka pale pale pikipiki inapoegeshwa. Ule mstari wa kahawia wa tairi ambao mama anausugua asubuhi hautatoka. Si uchafu uliolala juu. Ni kemikali za mpira wa tairi zilizozama ndani ya kapeti, na kulisugua kwa petroli au thina, kama wengine wanavyoshauriana, ni kulimaliza kabisa.

Ndiyo maana baadhi ya familia sasa zinatafuta vile vipande vya plastiki ngumu vinavyoumana kwa meno, ambavyo kwingine hutandikwa kwenye gereji za magari. Vingi ni vya polipropilini, plastiki ya jamii moja na ile ya ndoo na viti. Ukigeuza kipande, nyuma huenda ukakuta namba 5 au herufi PP ndani ya pembetatu. Hiyo haibabuliwi na oili kirahisi na haishiki alama ya tairi kama PVC, ambayo namba yake ni 3. Visichanganywe na vile vipande vya sponji vyenye rangi rangi na herufi za alfabeti vinavyouzwa kwa ajili ya watoto. Vile vinaumana vilevile, lakini stendi ya pikipiki itavitoboa usiku wa kwanza.

Hakuna haja ya kujaza sebule nzima. Pikipiki ina urefu wa mita 2 hivi. Vipande vya sentimita 40, vitano kwa urefu na vitatu kwa upana, jumla 15, vinatosha kuipa kona yake. Inafaa kununua viwili vitatu vya akiba siku hiyo hiyo, kwa sababu meno ya kiwanda kimoja mara nyingi hayaingii kwenye ya kingine.

Vinadumu? Plastiki yenyewe, ndiyo, miaka mingi. Kinachoiua mapema ni vitu vinne ambavyo kila nyumba inavyo. Sakafu ya chini ikiwa na mabonde, kipande kinaning'inia na jino linakatika uzito ukipita juu. Jua nalo: vipande vilivyoachwa nje vimeegemezwa ukutani hupauka na kuvunjika kama biskuti. Joto la chumba chenye bati lisilo na dari hutanua plastiki, na safu ya mita 3 inaweza kurefuka milimita kama 5 kati ya alfajiri na saa nane mchana, kwa hiyo iachwe nafasi ya sentimita moja kila inapokutana na ukuta, vinginevyo katikati patainuka kama mgongo wa ng'ombe. Cha nne ni stendi ya pembeni. Pikipiki ya kilo zaidi ya 100 inaegemea kwenye kichuma kisichozidi upana wa vidole viwili. Kipande cha ubao chini ya stendi kinamaliza tatizo hilo, bila gharama.

Kazi kubwa iko chini, na hapa wengi hujidanganya. Sakafu ya vipande inaonekana safi hata ikiwa chafu. Mchanga, oili, maji ya kudeki na makombo ya ugali hupenya kwenye maungio na kukaa gizani, na mende wanapenda mahali kama hapo. Kufagia ni kila siku, ndiyo, lakini kila baada ya miezi miwili, na kila mwezi wakati wa mvua, vipande viinuliwe vyote, visuguliwe pande zote kwa maji na sabuni ya unga, vianikwe kivulini hadi vikauke, na saruji ya chini ikauke pia kabla ya kuvirudisha. Anayetumia dawa ya klorini kuondoa ukungu asiichanganye na siki wala dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayounguza mapafu. Familia isiyo na muda wa kuinua vipande ni afadhali ibaki na saruji tupu iliyolainishwa vizuri. Itakuwa safi zaidi.

Kuna jambo ambalo hakuna sakafu inayolitatua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini, unatambaa chini, usawa ule ule wa godoro na wa mtoto anayelala mkekani, na unaweza kulifikia jiko la mkaa au kibatari kilicho mita kadhaa mbali na kurudi na moto. Ndani ya petroli mna benzini, ambayo Shirika la Afya Duniani linaihesabu miongoni mwa visababishi vya saratani ya damu. Harufu iliyozoeleka si harufu salama.

Kwa hiyo pikipiki ipoe nje kwanza. Koki ya mafuta ifungwe. Sinia pana la bati liwekwe chini ya injini, hasa kwa vile vipande vyenye matundu, maana tone linalopita kwenye tundu halionekani tena. Iegeshwe mbali na chumba cha kulala, dirisha liachwe wazi kidogo, jiko lisiingie chumba hicho, na asubuhi isiwashwe ndani hata kwa dakika moja, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Oili ikimwagika, imwagiwe mchanga mkavu, uzolewe, ndipo sabuni ifuate. Mchanga huo usitupwe karibu na jiko. Na kama kuna ukuta wa uani, kibanda cha mbao na bati chenye kufuli na mnyororo uliofungwa kwenye nguzo iliyozikwa kwa zege kinaweza kuwa matumizi bora ya fedha kuliko marumaru ya aina yoyote.

Halafu ile chupa. Nyumba yenye pikipiki huwa na petroli ya akiba, na mara nyingi iko kwenye chupa ya maji ya kunywa, chini ya meza. Mtoto wa miaka miwili hajui tofauti. Akinywa, asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa wala mafuta ya kula, hata bibi akisisitiza, kwa sababu akitapika petroli inaweza kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko inakoua. Avuliwe nguo zilizolowa, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, apelekwe kituo cha afya mara moja hata kama anacheka. Chupa yenyewe ibebwe, ili mhudumu aone alichokunywa na kiasi kilichobaki.