Siku za Muhogo Mchungu

Katika soko la Arua, na vivyo hivyo katika soko la Koboko, karibu na mahali mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inapokutana, makopa ya muhogo na unga wake huuzwa kwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kiswahili. Mnunuzi hutazama weupe wa unga, huunusa, huusugua kwa vidole, kisha hupatana bei. Jambo moja tu haliwezi kuonekana kwa jicho, nalo ni kubwa kuliko yote: makopa yale yalichukua siku ngapi kabla ya kusagwa?

Ili kulielewa swali hilo, yafaa kwanza kujua muhogo umejengwaje. Chakula chochote, kikigawanywa tena na tena, hufikia vipande vidogo mno viitwavyo molekuli. Kila molekuli ina umbo lake, na kazi yake hutokana na umbo hilo, kama meno ya ufunguo yanavyoamua ni kufuli gani litakalofunguka.

Muhogo ni hazina ya wanga. Wanga ni mnyororo mrefu wa punje za sukari iitwayo glukosi, zilizotungwa moja baada ya moja kama shanga. Minyororo mingine imenyooka, mingine ina matawi. Mate na utumbo huikata minyororo hiyo, na glukosi huingia katika damu kuwa nguvu ya kulima, kutembea na kufikiri. Ndiyo maana enyasa, ugali wa Walugbara upikwao kwa unga wa muhogo uliochanganywa na ulezi au mtama, humshibisha mtu wa kazi.

Protini nayo ni uzi wa shanga, ila shanga zake, ziitwazo asidi amino, ni za aina 20. Mpangilio wa shanga hizo ndio unaoamua kama uzi utajikunja kuwa sehemu ya msuli, ya ngozi, au kuwa kimeng'enya, yaani mtumishi anayeharakisha kazi ndani ya kiumbe hai. Hapa muhogo ni maskini: gramu 100 za muhogo mbichi zina protini ya gramu 1 au 2 tu.

Zaidi ya hayo, muhogo mchungu una molekuli nyingine, linamarini. Umbo lake ni punje moja ya glukosi iliyofungamana na kipande chenye sumu ya sainaidi. Maadamu vimefungamana, sumu hulala. Kimeng'enya kiwezacho kuvitenganisha kimo katika muhogo huo huo, lakini hukaa ukutani mwa chembe hai, ilhali linamarini imefungiwa ndani. Panya au nguruwe akiutafuna mzizi, kuta huvunjika, viwili hivyo hukutana, na sumu hutoka. Hiyo ndiyo silaha ya mmea.

Akina mama wa kaskazini ya Uganda wameigeuza silaha hiyo imdhuru mwenyewe. Mizizi humenywa na kuanikwa kidogo, kisha hurundikwa na kufunikwa kwa majani au magunia kwa siku tatu au nne hivi. Ukungu huota na muhogo hulainika, maana kuta za chembe zinabomoka. Kimeng'enya hukutana na linamarini, na sainaidi hutolewa. Sainaidi hiyo huchemka na kuwa gesi katika nyuzi 26 hivi za Sentigredi, kwa hiyo ukungu ukishakwanguliwa, muhogo ukapondwa na kuanikwa tena, jua na upepo huichukua. Bibi aliyemfundisha mkwewe kurundika muhogo hakuwa na haja ya kulijua jina la linamarini. Alijua siku zake.

Hatari huja siku hizo zinapopunguzwa. Akiba ikiisha kabla ya mavuno, au bei ya soko ikipanda, mtu huvutwa kuanika vipande vikubwa siku moja mbili na kuvisaga. Wengine hudhani kuwa moto utamaliza kazi. Hapo hukosea. Mvuke wa chungu hukiua kimeng'enya upesi, lakini linamarini huvumilia moto. Mpishi huwa amemfukuza mtumishi na kumwacha mwizi ndani ya nyumba.

Yaliyotokea Kasese, magharibi ya Uganda, mwezi Septemba 2017, ni funzo. Watu 98 waliugua baada ya kula ugali wa muhogo, na wawili wakafa. Unga uliopimwa ulikuwa na sainaidi ya wastani wa miligramu 88 katika kilo moja, hali kipimo cha usalama ni miligramu 10.

Sumu kidogo kidogo ya kila siku nayo ina madhara yake. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafula, ulioonekana Kwango, nchini Kongo. Wayaka wa huko waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Ugonjwa huo ulizuka pia Tarime, nchini Tanzania, mwaka 1985. Huwapata zaidi watoto na wanawake walao muhogo mchungu usiotayarishwa vema pasipo kitoweo cha maana, na miguu iliyokakamaa hairudi tena kama ilivyokuwa.

Kwa nini kitoweo kiwe ngao? Mwili huivunja nguvu sainaidi kwa kuiunganisha na salfa, na salfa hiyo hutoka katika asidi amino mbili, methionini na sisteini. Mtoto mwenye protini haba hana akiba ya kulipia deni hilo. Maharage yana protini nyingi, lakini yamepungukiwa methionini. Ufuta, ambao katika Uganda huitwa simsim, unayo kwa wingi. Kwa hiyo mchuzi wa maharage ulioungwa kwa simsim iliyosagwa, au samaki mkavu kidogo wa Mto Nile, si anasa ya wageni. Mafuta ya simsim nayo hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya wanga wa uzito ule ule.

Ikiwa unga umenunuliwa na historia yake haijulikani, ipo njia iliyotumika Popokabaka, nchini Kongo, tangu mwaka 2010, kuzuia konzo. Unga huchanganywa na maji ukawa uji mzito, ukatandazwa juu ya sinia au mkeka safi kwa unene usiozidi sentimeta moja, ukaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Kimeng'enya kilichobakia hufanya kazi yake, gesi huondoka, kisha unga hupikwa siku hiyo hiyo.

Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, na katika muhogo mchungu maneno hayo yana ushahidi wake. Familia isiyo na fedha ya nyama yaweza bado kuwapa watoto ngao mbili: siku zote za rundo bila kupunguza hata moja, na kijiko cha simsim katika mchuzi.