Mtoto Akilala Mahabusu, Nani Anahesabu Saa?

Tuchukue mfano. Mtoto wa kiume wa miaka 14, mkazi wa kata ya Ndama wilayani Karagwe, mkoani Kagera, anatuhumiwa kuiba mbuzi wa jirani. Ijumaa jioni mgambo wanamfuata shambani kwao, kwenye migomba, wanampitisha ofisi ya mtendaji, kisha wanamkabidhi kituo cha polisi. Jumamosi mama yake anafika na uji kwenye chupa ya chai. Anaambiwa mpelelezi hayupo, arudi Jumatatu. Jumatatu anaambiwa upelelezi unaendelea. Mtoto hajasomewa shitaka, hajamwona hakimu, na amekwisha lala usiku wa tatu sakafuni pamoja na watu wazima.

Mfano huu nimeutunga. Hata hivyo, sidhani kama kuna mzazi wa Karagwe au wa wilaya jirani ya Kyerwa atakayeushangaa. Ninachotaka kujadili hapa hakihusu kama mtoto huyo aliiba au hakuiba. Hilo ni la mahakama. Hoja yangu inahusu muda ulio kati ya mkono wa mgambo na meza ya hakimu. Haki za mtoto zinapotea humo, katika saa ambazo hakuna aliyepewa kazi ya kuzihesabu.

Tusianze kwa kusema nchi haina sheria. Katiba yetu, katika ibara ya 15, inakataza mtu kukamatwa au kufungwa ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imetujengea kipimo cha saa 24: aliyekamatwa bila hati, na kosa lake si la adhabu ya kifo, afikishwe mahakamani ndani ya muda huo au aachiwe kwa dhamana. Juu ya hizo ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, iliyoanzisha Mahakama ya Watoto, na inayoagiza mtoto aliyeshikiliwa polisi atenganishwe na watu wazima. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991 na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003. Ibara ya 37 ya ule wa kwanza inasema kumnyima mtoto uhuru kuwe hatua ya mwisho kabisa, na kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana.

Kwa nini basi mtoto aliyetuhumiwa kuiba mbuzi bado yuko ndani?

Jibu la kwanza limo ndani ya sheria yenyewe. Kama ilivyotungwa mwaka 2009, Sheria ya Mtoto inamtaka mkuu wa kituo amwachie mtoto kwa ahadi ya mzazi, mlezi au ndugu, bila kudai wadhamini. Kisha inaweka milango ya kutokea. Mmoja ni kosa la kuua, au kosa lolote ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka saba. Mlango huo unaonekana mwembamba mpaka uupeleke kwenye nchi ya wafugaji. Wizi wa mifugo, chini ya Kanuni ya Adhabu, una adhabu inayofika miaka 15, na mbuzi ni mfugo sawasawa na ng'ombe. Mtoto aliyeiba simu ya laki moja ana nafasi nzuri zaidi ya kulala kwao kuliko mtoto aliyeiba mbuzi wa elfu sitini.

Sasa soma kifungu cha 119 cha sheria hiyohiyo: mtoto hatahukumiwa kifungo. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kumkabidhi kwa mtu anayefaa kumlea, au kumpeleka shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Gerezani haendi. Maana yake ni kwamba usiku wa leo mtoto ananyimwa uhuru kwa kipimo cha adhabu ambayo hakuna hakimu wa Tanzania mwenye mamlaka ya kumpa. Akipatikana na hatia hafungwi. Akiwa bado anatuhumiwa tu, anafungiwa. Hapa mkuu wa kituo hajavunja sheria. Sheria ndiyo iliyomwachia mwanya, na Bunge linaweza kuuziba kwa sentensi moja: uzito wa kosa la mtoto upimwe kwa adhabu ambayo mtoto anaweza kupewa.

Jibu la pili ni mahali. Kwa miaka mingi mahabusu za watoto zilizojulikana nchini zilikuwa Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya. Tazama ramani uone zilivyo mbali na Kagera. Askari wa Kayanga wilayani Karagwe, au wa Nkwenda wilayani Kyerwa, anapoambiwa amtenge mtoto, amtenge wapi, wakati kituo kina vyumba viwili, cha wanaume na cha wanawake? Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilikagua sehemu wanakoshikiliwa watoto nchini na kukuta watoto wakichanganywa na watu wazima. Mfugaji wa huku anajua, bila kusomewa kifungu chochote, kwamba ndama halazwi zizi moja na mafahali. Humjengea kizimba chake. Tunachokifanya kwa ndama tunashindwa kukifanya kwa mtoto.

Jibu la tatu ni umri. Mtoto mrefu asiye na cheti cha kuzaliwa anaandikwa miaka 18 na safari yake inabadilika palepale: anakuwa mtu mzima kwa wino wa kalamu moja. Kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya shule ya msingi, vyote vingeweza kusema kweli, lakini vipo nyumbani kabatini, na mama ameambiwa arudi Jumatatu.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa zina sababu nyingine ya kuwa macho. Ni nchi ya mpakani. Ng'ambo ya mto Kagera, ukivuka Murongo, ni Uganda. Magharibi ni Rwanda. Septemba 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Geita na Kigoma kuwasaka wahamiaji wasio na vibali, baada ya agizo la Rais wa wakati huo, la mwezi Julai, la kuwataka waondoke ndani ya wiki mbili. Dola ina haki ya kulinda mipaka yake, na ujambazi wa wakati ule katika mapori ya Kagera haukuwa hadithi. Lakini ndani ya operesheni ile zilikuwamo familia zilizoishi hapa miongo kadhaa, baba wa upande mmoja na mama wa upande mwingine, na watoto waliozaliwa hapa wakajikuta wakiulizwa wao ni wa nani. Maelfu walivuka mpaka, na zipo familia zilizovuka vipandevipande. Mwaka 2017 kamati mbili za Umoja wa Mataifa, ya haki za mtoto na ya wafanyakazi wahamiaji, zilitoa msimamo wa pamoja: mtoto asifungiwe kamwe kwa sababu ya hadhi ya uhamiaji, yake au ya wazazi wake. Karagwe na Kyerwa zingeweza kuuandika msimamo huo kwa uzoefu wao wenyewe.

Tatizo si la Kagera peke yake. Januari 2018, wilayani Tandahimba mkoani Mtwara, wasichana watano wa shule walikamatwa pamoja na wazazi wao kwa sababu walikuwa wajawazito, kisha wakaachiwa kwa dhamana. Mtoto aliyestahili kuulizwa nani amemtendea hivi, ndiye aliyepelekwa kituoni.

Upande wa pili una hoja, na nyingine ni nzito. Askari atakuambia kwamba kumwachia mtoto usiku huo ni kumkabidhi kwa wananchi wenye hasira kali, na kwamba selo imeokoa maisha ya wengi. Ni kweli, na sheria imelifikiria hilo: mtoto anaweza kushikiliwa pale manufaa yake mwenyewe yanapodai hivyo. Lakini ulinzi una sura yake. Unaandikwa, sababu yake inatajwa, mzazi anajulishwa, afisa ustawi wa jamii anaitwa, na una mwisho. Kinachoendelea siku tatu bila karatasi hakiwezi kuitwa ulinzi.

Wengine watasema samaki mkunje angali mbichi. Usiku mmoja ndani utamnyoosha. Methali hiyo naiheshimu, ndiyo maana naomba isomwe vizuri. Anayemkunja samaki yupo hapo, mikono yake iko juu ya samaki. Ni kazi ya mzazi, mwalimu, sheikh na padri, inayofanywa kwa ukaribu. Selo haina mkono wa namna hiyo. Mtoto anawekwa humo na kuachwa, na wanaomkunja ni wale aliowakuta ndani.

Majirani zetu wameanza kuhesabu. Sheria ya Watoto ya Uganda haimruhusu mtoto kukaa polisi zaidi ya saa 24, na inaweka ukomo wa kukaa mahabusu kwa amri ya mahakama. Uganda ina matatizo yake ya utekelezaji, lakini mtoto wa ng'ambo ya Murongo ana namba ambayo wakili wake anaweza kuinyooshea kidole. Utafiti wa dunia wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2019 kuhusu watoto walionyimwa uhuru ulikadiria kuwa watoto wapatao milioni moja kila mwaka hupitia mahabusu za polisi. Wapo wasiofika hata kwenye takwimu za nchi zao, kwa sababu aliyelala kituoni bila shitaka mara nyingi haandikwi popote.

Ndiyo maana pendekezo langu la kwanza ni dogo na halihitaji jengo: daftari. Kila kituo kiwe na rejista ya watoto pekee, inayoonyesha saa aliyokamatwa, saa mzazi alipojulishwa, saa afisa ustawi wa jamii alipoitwa, na saa alipotoka. Hakimu wa wilaya aikague kila wiki, na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata iwe na haki ya kuuliza. La pili ni familia za kuaminika, ambazo mfumo wetu wa ustawi wa jamii tayari unazitambua: kata ikiwa na hata familia mbili zilizoandaliwa, askari atapata jibu la swali lake la amtenge wapi. La tatu ni Bunge kuuziba ule mwanya wa miaka saba. La nne ni wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wafike kituoni siku ya kwanza badala ya kusubiri kesi ifunguliwe.

Turudi kwa mama na chupa yake ya uji. Asubuhi ile ya Jumamosi hakuhitaji kujua ibara ya 37 wala kifungu cha 119. Alihitaji mtu mmoja pale kaunta afungue daftari na kumwambia: mwanao aliingia jana saa 12 jioni, afisa ustawi wa jamii ameitwa, na leo kabla ya saa 12 jioni atakuwa mbele ya hakimu au mikononi mwako. Sentensi hiyo haina gharama kubwa. Siku itakaposemwa katika kila kituo cha Karagwe na Kyerwa, sheria tuliyoiandika mwaka 2009 itakuwa imefika Ndama.