Miquissone Alirudi, Kasi Haikurudi

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, wachambuzi huandika kwamba Simba imrudishe nyota wake wa zamani kwa sababu "anaijua klabu". Hoja hiyo ni dhaifu.

Februari 2021, Uwanja wa Mkapa, shuti kali la Luis Miquissone wa Simba liliizamisha Al Ahly 1-0. Mwaka huohuo Wamisri hao wakamnunua. Aliporejea Msimbazi 2023 mashabiki walishangilia, lakini ule wepesi wa kumwacha beki hawakuuona tena. Mwaka 2024 akaondoka.

Clatous Chama, kweli, alirudi Simba kutoka klabu ya Berkane Januari 2022 akang'ara. Huyo alikuwa nje miezi michache tu, mguu ungali wa moto.

Viongozi, ulizeni dakika alizocheza mchezaji msimu uliopita, si mabao ya miaka mitano nyuma.