Mwenye Ufunguo Ndiye Mwenye Ndege



Tangu Novemba 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alipotangaza kuwa nchi yake itaiuzia Saudia ndege za kivita za F-35, maneno yamekuwa mengi katika baraza zetu baada ya sala. Wapo wanaolihesabu tangazo hilo kuwa ni ushindi, wakisema kuwa sasa nchi ya Kiislamu ya Mashariki ya Kati nayo itamiliki ndege isiyoonekana. Sisi tunasema, pamoja na heshima yote kwa wenye rai hiyo, kwamba furaha yao imesimama juu ya dhana batili, nayo ni kudhani kuwa aliyelipa bei ya silaha ameimiliki silaha hiyo. Tutalibainisha hili kwa jambo moja ambalo wengi hawalitazami: kazi ya kulitia kombora la kupigia meli ndani ya ndege hiyo.

Kazi yenyewe ni ipi?

Kwanza tuliondoe jina lenye kupotosha. Hakuna ndege isiyoonekana. F-35, inayotengenezwa na kampuni ya Lockheed Martin ya Marekani, imechongwa umbo na kupakwa rangi maalumu ili mawimbi ya rada yarudi kwa uchache. Kwa hiyo adui huiona ikiwa imekwishakaribia. Sifa hiyo hudumu maadamu hakuna kitu kilichoning'inia nje. Kombora likifungwa chini ya bawa, mwangwi wa rada huongezeka, na sehemu kubwa ya faida iliyolipiwa hupotea. Ndiyo maana silaha hutakiwa zikae ndani, katika vyumba viwili vilivyomo tumboni mwa ndege, ambavyo milango yake hufunguliwa kwa muda mfupi wa kurusha tu.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Kombora la kupigia meli ni kubwa kwa maumbile yake, kwa kuwa hubeba injini, mafuta, kilipuzi na jicho la kuitambua meli. LRASM, kombora la Wamarekani wenyewe lililoanza kutumika katika ndege ya B-1B mwaka 2018, halienei katika vyumba hivyo. Kwenye F-35 hapana budi litundikwe nje. Na F-35B, ile inayotua wima, ina feni kubwa nyuma ya rubani iliyopunguza nafasi ya vyumba vyake, hata kombora linaloenea ndani ya F-35A halienei humo.

Likishaenea, kazi bado haijaisha. Ndege ikiwa katika mwendo mkali, milango ikafunguliwa, upepo huingia kwa msukosuko, na kombora lisipotoka sawasawa laweza kuipiga ndege iliyolibeba. Kwa hiyo hufanywa majaribio ya kulidondosha likiwa halina kilipuzi, katika mwendo mbalimbali na urefu mbalimbali, kabla ya kulirusha kwenye shabaha.

Kisha huja jambo lililo kubwa kuliko yote. Ndege na kombora ni lazima vizungumze: ndege ilieleze kombora meli iko wapi, lipite njia gani na lijihadhari na nini. Mazungumzo hayo hufanyika kwa programu ya kompyuta, na programu iliyomo ndani ya F-35 ina mistari zaidi ya milioni 8. Programu hiyo si ya mnunuzi. Haiongezwi neno wala haipunguzwi ila kwa idhini ya Marekani, na kwa zamu inayopangwa huko huko. Silaha ambayo programu haiitambui ni mzigo tu, hata ikiwa imeenea chumbani barabara.

Washirika wawili wa daraja moja

Ndugu msomaji, tazama sasa mifano miwili. Mwaka 2002 nchi za Norwe na Uturuki ziliingia katika mpango wa kuitengeneza ndege hii, zote mbili zikiwa washirika wa daraja la tatu, na kila moja ilikuja kutaka kombora lake yenyewe liingie tumboni mwa ndege.

Norwe ni nchi ya watu wapatao milioni 5 na nusu. Katika mji wake wa Kongsberg kiwanda cha silaha kiliasisiwa mwaka 1814. Katika miaka ya 1970 warithi wa kazi hiyo walikuwa na kombora la meli liitwalo Penguin. Mwaka 2012 jeshi la majini la Norwe likaanza kutumia kombora jipya, NSM. Kutokana na hilo wakatoa JSM, lenye urefu wa mita 4 hivi na uzito wa kilo 400 na ushei, lililopimwa tangu mwanzo kwa kipimo cha chumba cha F-35A. Norwe iliichagua ndege hiyo mwaka 2008. Mwaka 2015 JSM lilirushwa kutoka ndege ya zamani ya F-16 katika uwanja wa majaribio wa Utah, na mwaka 2021 ndipo lilipodondoshwa kwa mara ya kwanza kutoka tumboni mwa F-35A. Hii ni miaka 13 tangu kuchaguliwa kwa ndege, kwa nchi iliyo rafiki mkubwa wa Marekani na yenye mafundi wa karne mbili. Japani ililiagiza kombora hilo mwaka 2019, na mwaka 2024 Jeshi la Anga la Marekani nalo likaliagiza.

Uturuki nayo haikulala. Wahandisi wake walitengeneza kombora liitwalo SOM, kisha wakaandaa aina yake fupi, SOM-J, ili lienee katika F-35. Mwaka 2014 kampuni yao ya Roketsan ilitia saini na Lockheed Martin mkataba wa kuliendeleza kombora hilo kwa ajili ya ndege hiyo. Viwanda vya Uturuki vilikuwa vikitengeneza vipande zaidi ya 900 vya F-35, na nchi hiyo ilikusudia kununua ndege 100. Juni 2018 ilikabidhiwa ndege yake ya kwanza kwa sherehe huko Texas. Ndege hiyo haikupata kutua katika ardhi ya Uturuki.

Julai 2019 Uturuki ilipokea mitambo ya S-400 ya kutungulia ndege kutoka Urusi, na siku chache baadaye Marekani ikatangaza kuitoa katika mpango. Marubani waliokuwa mafunzoni wakarudishwa kwao. Mwaka 2020 Jeshi la Anga la Marekani likazinunua ndege 8 zilizokuwa zimetengenezwa kwa ajili ya Uturuki. Na SOM-J, kombora lililopimwa kwa chumba cha F-35, likabaki bila ya chumba hicho.

Insafu inatulazimu kuitaja hoja ya Marekani. Ilisema kwamba rada ya S-400 ikikaa karibu na F-35 itajifunza namna ndege hiyo inavyoonekana, na siri hiyo itawafikia Warusi. Na iliionya Uturuki mara nyingi kabla ya tukio. Hatusemi kuwa khofu hiyo haikuwa na msingi. Tunasema kuwa hata tukiikubali yote, jambo tunalolieleza halibadiliki: mshirika wa miaka 17, mtengenezaji wa vipande 900, alitolewa kwa tangazo moja, na hakukuwa na fundi wala mkataba wa kumrudisha.

Je, si kwa maadui tu?

Atasema msemaji: haya ni kwa aliyegombana na Marekani. Tunamwambia aitazame Uingereza, mshirika pekee wa daraja la kwanza. Kwa miaka mingi Waingereza wametaka makombora yao mawili, Meteor na SPEAR 3, yaingie katika F-35B zao. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali yao ya Julai 2025 ilieleza kuwa silaha hizo hazitarajiwi kabla ya mwanzoni mwa miaka ya 2030. Foleni ya maboresho ya programu imekuwa ndefu. Hata Marekani yenyewe iliacha kupokea ndege mpya kwa mwaka mzima, tangu Julai 2023 hadi Julai 2024, kwa sababu programu haikuwa tayari.

Kisha aitazame Israeli, ambayo haikuwamo kabisa katika washirika wanane walioigharimia ndege pamoja na Marekani. Israeli ilianza kupokea ndege zake Desemba 2016, kwa fedha za msaada wa kijeshi wa Marekani, na ikaruhusiwa kutia ndani yake mifumo yake yenyewe na silaha zake yenyewe. Kwa hiyo mlango ambao kwa wengine huambiwa ni mgumu kwa sababu za kiufundi, kwa mwingine ulifunguliwa kwa uamuzi wa kisiasa. Aidha, tangu mwaka 2008 sheria ya Marekani inataka kila uuzaji wa silaha katika Mashariki ya Kati uangaliwe usije ukaupunguza ubora wa kijeshi wa Israeli juu ya jirani zake. Mwenye kuishangilia ndege ya Saudia na aisome sheria hiyo kwanza, kisha aseme ni ndege ya namna gani itakayoletwa.

Majibu ya hoja mbili

Wa kwanza husema: "Fedha itafungua kila mlango." Falme za Kiarabu zilikuwa na fedha. Januari 2021 zilitia saini makubaliano ya silaha za dola bilioni 23, ndani yake F-35 hamsini. Desemba mwaka huo huo zikasitisha mazungumzo, zikitaja masharti ya matumizi ya ndege hizo.

Wa pili husema: "Uturuki imekwishajikomboa, ina ndege yake KAAN." Ni kweli kwamba KAAN iliruka kwa mara ya kwanza Februari 2024, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini iliruka kwa injini za F110 za kampuni ya General Electric ya Marekani. Na mwaka 2025 waziri wa mambo ya nje wa Uturuki, Hakan Fidan, alisema hadharani kuwa vibali vya injini hizo vimekwama Marekani. Njia wameianza, hawajaimaliza, na kuwaambia wameshafika ni kuwadhulumu wao na kujidanganya sisi.

Hatuandiki haya kwa mapenzi ya vita. Kombora la meli huua mabaharia, na kila baharia ana mama. Wala hatusemi kununua ni haramu, kwani Norwe nayo ilinunua. Tofauti ni kuwa Norwe ilikuja sokoni na kitu cha kwake ambacho muuzaji naye alikuja kukihitaji, na kitu hicho kilitoka katika karakana iliyofanya kazi tangu mwaka 1814, wala hakikutoka katika hazina ya mafuta.

Basi, ndugu wasomaji, itakapotangazwa tena kuwa nchi fulani imenunua ndege kadhaa kwa mabilioni ya watu wake, msianze kwa takbiri. Ulizeni: programu yake anaiandika nani? Silaha ya kutiwa ndani yake anaidhinisha nani? Inapoharibika inatengenezwa wapi? Na siku mnunuzi atakapokhitilafiana na muuzaji, nani ataizuia isiruke? Ikiwa majibu ya maswali yote manne ni jina la muuzaji, basi jueni kuwa kilichouzwa ni ruhusa ya kuitumia, na mwenye kutoa ruhusa ndiye mwenye kuiondoa.

Wabillahi tawfiq.